Neno amani liliposhikwa na bunduki: namna raia wa Goma walivyolisema kwa bidoni, filimbi na kimya

Tarehe 23 mwezi wa kwanza mwaka 2008, hapa Goma, vikundi vya silaha vya Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini viliweka sahihi kwenye karatasi iliyoitwa Acte d'engagement, yaani hati ya ahadi. Mkutano ulikuwa umeanza tarehe 6, na zaidi ya watu elfu moja waliushiriki: machifu, wajumbe wa makabila, wanawake wa mashirika, watu wa makanisa, wafanyabiashara, wapiganaji na wakubwa kutoka Kinshasa. Padri Apollinaire Malu Malu ndiye aliyeuongoza. Mjini watu walicheka siku ile, wengine walilia. Mpango uliotoka katika mkutano huo ukapewa jina rahisi ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuliandika: Amani.

Kabla mwaka haujaisha, vita vilikuwa vimerudi. Tarehe 29 mwezi wa kumi wapiganaji wa CNDP walifika mlangoni mwa Goma na kusimama hapo, na usiku ule askari wa serikali waliokuwa wakikimbia walipora maduka na nyumba za watu waliopaswa kuwalinda. Wiki moja baadaye yakafuata mauaji ya Kiwanja, katika Rutshuru.

Mwaka 2009 ndipo lilipoanza jambo ambalo wanahistoria hawalitaji sana, lakini watu wa Masisi, Rutshuru na Walikale wanalijua vizuri. Operesheni za kijeshi zilianza kupewa majina matamu. Mwezi wa kwanza ilikuja Umoja Wetu, ya jeshi la Kongo pamoja na jeshi la Rwanda. Mwezi wa tatu ikaja Kimia II, na kimia kwa Kilingala ni utulivu. Mwaka 2010 ikaanza nyingine, nayo ikaitwa Amani Leo. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu raia zaidi ya 1,400 waliouawa kati ya mwezi wa kwanza na mwezi wa tisa mwaka 2009, wengine na waasi, wengine na askari wa serikali. Mtu wa kijijini akisikia kwamba Umoja Wetu au Amani Leo iko njiani, alijua ni wakati wa kufunga godoro na kutafuta njia ya msitu.

Na haikuishia hapo. Mapatano ya amani kati ya serikali na CNDP yalitiwa sahihi tarehe 23 mwezi wa tatu mwaka 2009. Miaka mitatu baadaye askari walioasi walichukua tarehe hiyo hiyo wakaifanya jina la vita vyao: M23. Kwa hiyo siku ya mapatano yenyewe imegeuka kuwa jina ambalo mtoto wa kambini analitamka akieleza kwa nini hayuko nyumbani kwao.

Ndiyo sababu raia wa kawaida wa Goma ambaye hana bunduki, hana cheo, na hata gari la kumpeleka mkutanoni hana, alijikuta na shida ya ajabu. Alitaka kusema amani, lakini neno lenyewe lilikuwa limeshikwa na wengine. Ilibidi atafute vitu vingine vya kusemea.

Njia mojawapo watu wa Kivu walikuwa wameshaijaribu kabla, ng'ambo ya ziwa. Katika Bukavu, mwishoni mwa mwaka 1999, mji ulikuwa chini ya RCD, waasi waliosaidiwa na Rwanda. Askofu mkuu Emmanuel Kataliko aliandika barua ya Noeli kwa waamini wake. Ndani yake alisema wazi kwamba watu wanaonyonywa, wanadhulumiwa na kuuawa, na aliwaomba wasikate tamaa. Wenye mamlaka hawakuipenda barua hiyo. Mwezi wa pili mwaka 2000 walimzuia kukaa katika jimbo lake wakamhamishia Butembo, alikotoka.

Jibu la Bukavu lilikuwa kimya. Misa zilisimamishwa, shule zilifungwa, biashara zikalala. Watu wa Kivu wanaita hiyo ville morte, mji mfu. Mtu ambaye hajawahi kuiona anaweza kufikiri ni siku ya kupumzika tu, lakini kwa mama anayeuza ndizi ili watoto wale jioni, kukaa nyumbani siku moja ni kukubali njaa kwa hiari yake. Askari anaweza kutawanya watu elfu kumi walio barabarani. Lakini hawezi kumpiga risasi mtu kwa sababu hakufungua duka, au akifanya hivyo, kila mtu ataona ni nani mwenye vita. Miezi saba baadaye, mwezi wa tisa mwaka 2000, Kataliko alirudishwa Bukavu, na mji ukajaa watu waliotoka kumpokea. Aliishi majuma machache tu baada ya hapo. Alifariki Roma tarehe 4 mwezi wa kumi.

Mwaka uliofuata mashirika ya raia na makanisa yalitaka kufanya mkutano mkubwa wa amani Bukavu. Waasi walikataa. Mkutano ukahamishiwa Butembo, upande uliokuwa chini ya kundi lingine lililosaidiwa na Uganda, na ukafanyika kutoka tarehe 24 mwezi wa pili hadi tarehe 1 mwezi wa tatu mwaka 2001. Mamia ya watu kutoka Ulaya, wengi wao Waitaliano wa kawaida, walisafiri kwa gharama yao katikati ya vita ili kukaa pamoja na watu wa Butembo. Hawakuleta mahindi wala mahema. Walikuja kuonekana tu, ili dunia ijue kwamba kuna watu wanaishi hapa. Kati ya waandaaji alikuwemo padri Malu Malu, yule yule wa mkutano wa Goma wa mwaka 2008.

Sasa kurudi Goma. Mwezi wa tano mwaka 2012, wakati M23 inaanza vita Rutshuru, vijana wachache wa mji huu walianzisha kundi walilolipa jina Lutte pour le Changement, mapambano ya mabadiliko. Wote wanalijua kwa kifupi: LUCHA. Halikuwa chama cha siasa, halikuwa na rais, na vijana waliamua tangu mwanzo kwamba hawatashika hata jiwe. Katika mji ambao kijana wa miaka ishirini alikuwa na njia mbili za kusikilizwa, kujiunga na kundi la silaha au kubeba mkoba wa mwanasiasa, hiyo ilikuwa njia ya tatu.

Jambo la kutazama ni walichochagua kusemea. Hawakuanza na mapatano wala na mipaka. Walianza na kazi kwa vijana, na maji.

Kwa mtu wa Keshero, au Kyeshero kama wengine wanavyoandika, hili halihitaji maelezo, lakini familia zilizofika juzi kutoka Masisi au Kalehe huenda hazijui lilianzia wapi. Goma imekaa juu ya ziwa Kivu, maji hadi macho yanapoishia, na hata hivyo mabomba ya kartié nyingi ni makavu. Ardhi ni jiwe la volkano. Maji ya mvua yanazama ndani yake na kupotea, na kuchimba kisima ni kazi ya kuvunja mwamba. Mfereji wa Regideso unategemea pampu, pampu zinategemea umeme, na umeme una tabia zake. Kwa hiyo mama na watoto wanashuka Kituku na bidoni za lita ishirini, wanachota pale pale mashua za Minova zinapoegesha, pale pale watu wanapofulia. Msichana anayetoka saa kumi na moja alfajiri kutafuta maji anapita gizani. Kijana anayekaa foleni nusu siku haendi shule. Na kipindupindu hakijasahauliwa katika mji huu: mwaka 1994, baada ya wakimbizi kutoka Rwanda kuingia kwa wingi, kiliua makumi ya maelfu ya watu kwa majuma machache, na wengine walizikwa kwa matingatinga.

Mwaka 2014 na 2015 LUCHA ilifanya kampeni kwa maneno mepesi kabisa: Goma inataka maji. Vijana walikaa chini mbele ya ofisi za wakubwa. Polisi walipokuja walibaki wameketi na kushikana mikono, wakabebwa mmoja mmoja hadi kwenye gari. Waliandika barua, walipiga picha za bidoni, waliziweka kwenye mitandao. Wengi waliwacheka: nchi ina vita, nyinyi mnaomba maji?

Lakini hapo ndipo palikuwa na akili. Kiongozi akiulizwa kuhusu amani, anajibu kwa hotuba. Anataja maadui, anataja majirani, anataja Umoja wa Mataifa, na mwisho wa hotuba hakuna anayeweza kumshika kwa neno lolote. Akiulizwa kuhusu maji, hotuba haitoshi. Bomba linatoa au halitoi. Tena bidoni haina kabila. Mhunde, Mnande, Mhutu, Mtutsi, Mshi, wote wanasimama kwenye foleni moja na wote wanachoka sawa. Mtu aliyejifunza kudai kitu pamoja na jirani wa kabila lingine, na polisi wakawapiga wote wawili, si rahisi tena kuambiwa kwamba jirani huyo ndiye adui. Mikutano mingi ya upatanisho yenye hoteli na posho haikufika hapo.

Kisha ikaja miaka ya jela. Mwezi wa tatu mwaka 2015 Fred Bauma wa LUCHA alikamatwa Kinshasa pamoja na Yves Makwambala, kwenye mkutano wa kuzindua jukwaa la vijana lililoitwa Filimbi, ambapo vijana wa Senegal na Burkina Faso walikuwa wamealikwa. Jina lenyewe ni la Kiswahili na kila mtoto wa Goma anajua kazi yake: mwamuzi anapuliza filimbi mchezaji akivunja sheria. Mwaka uliofuata, watu wakidai uchaguzi ufanyike kwa tarehe yake, lugha hiyo ya uwanja wa mpira ilienea nchi nzima. Rais alionyeshwa kadi ya njano, watu wakapuliza filimbi na kugonga sufuria usiku wakiwa ndani ya viwanja vyao. Sauti ya sufuria moja polisi anaweza kuifuata. Sufuria za mtaa mzima, gizani, hajui aanzie wapi. Bauma na Makwambala walikaa gerezani hadi mwezi wa nane mwaka 2016.

Hata kitambaa kilikuwa kosa. Alfajiri ya tarehe 16 mwezi wa pili mwaka 2016, polisi waliingia katika nyumba moja ya Goma wakakuta vijana sita wa LUCHA wakitayarisha kalikoti za siku ya mji mfu. Tarehe hiyo ilichaguliwa kwa ukumbusho wa wakristo waliopigwa risasi Kinshasa katika maandamano ya tarehe 16 mwezi wa pili 1992. Siku tisa kabla ya hapo, timu ya taifa ilikuwa imechukua kombe la CHAN mjini Kigali kwa kuifunga Mali 3-0, na nchi nzima ilikuwa bado inacheza. Vijana wakatumia furaha hiyo: maandishi yao yalizungumza juu ya ushindi wa pili unaotafutwa mwaka ule. Walihukumiwa miaka miwili, rufani ikapunguza hadi miezi sita, nao wakaitumikia Munzenze. Mmoja wao, Rebecca Kabugho, alikuwa msichana pekee kati ya sita. Mwaka 2017 serikali ya Marekani ilimpa tuzo ya wanawake mashujaa. Zamani mama zetu walisema kitenge kinaongea kwa sababu ya jina lake na maua yake. Hiki cha vijana kilisemeshwa kwa rangi ya brashi, na kikawatia gerezani kabla hakijaning'inizwa popote.

Luc Nkulula, mmoja wa sauti zilizosikika zaidi za LUCHA, alifariki usiku wa kuamkia tarehe 10 mwezi wa sita mwaka 2018, nyumba yake hapa Goma ilipoungua. Wenzake walidai uchunguzi. Walimzika kwa nyimbo, wakiwa wamevaa mavazi ya kundi lao.

Si wote walioacha kulitumia neno amani. Wengine waliamua kulichukua tena kwa nguvu ya muziki. Festival Amani ilipangwa kufanyika mwishoni mwa mwezi wa nane mwaka 2013. Siku zile mabomu yalianguka katika kartié za Goma na kuua watu, wakati jeshi na M23 walikuwa wakipigana upande wa Kibati, na tamasha likaahirishwa. Lilifanyika mwezi wa pili mwaka 2014, katika Collège Mwanga, baada ya M23 kushindwa na kuondoka. Tiketi ya siku iliuzwa dola moja, na bei hiyo ina maana yake. Ingekuwa bure, wangesema ni mambo ya wafadhili. Ingekuwa dola kumi, wangeingia watu wa mashirika na magari yao peke yao. Kwa dola moja mpanda motari aliingia, mwanafunzi aliingia, muuza makala aliyeweka akiba wiki nzima aliingia, na walisimama bega kwa bega na vijana wa Rwanda na Burundi waliovuka mpaka kuja kucheza.

Kabla ya tamasha hilo kulikuwa tayari na Yolé!Africa ya Petna Ndaliko Katondolo, nyumba ambapo vijana wa Goma walijifunza kushika kamera na kucheza dansi ya hip-hop miaka ambayo wageni wote waliokuja na kamera walitaka kupiga picha za maiti. Baadaye wakaja vijana wa Goma Slam Session, wanaosimama mbele ya watu na shairi bila ala, wakichanganya Kiswahili na Kifaransa katika sentensi moja kama watu wanavyoongea kweli kwenye teksi.

Swali gumu lilikuwepo. Ni haki kucheza muziki kilomita chache kutoka Mugunga, ambapo watu walikuwa wakilala chini ya turubai? Waliokuwa kambini hawakuwa na jibu moja. Lakini ni vizuri kukumbuka kwamba vijana wa kambini nao waliunda vikundi vya ngoma na michezo ya kuigiza bila kusubiri ruhusa ya mtu, na kwamba mwenye kuhuzunika naye ana haki ya kuchoka kuhuzunika.

Kuna onyo moja ambalo linawahusu hasa watu wa redio. Redio ndiyo chombo cha Kivu: inasikika shambani, kwenye pikipiki, kambini, kwenye simu ndogo ya kubonyeza. Tangu Radio Okapi ianze mwezi wa pili mwaka 2002, na hata kabla yake, mashirika mengi yaliamini kwamba ukiwapa watu kipaza sauti wazungumze, amani itakuja yenyewe. Shirika la Uholanzi liitwalo La Benevolencija lilitangaza mchezo wa redio mashariki mwa Kongo, hadithi ya jamii zinazogombana na namna zinavyopatana. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck, kutoka Marekani, aliupima mchezo huo. Sehemu fulani watu walisikia mchezo peke yake. Sehemu nyingine, baada ya mchezo kulikuwa na kipindi cha kuwahimiza wasikilizaji wajadiliane. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2010 yaliwashangaza wengi. Waliopata kipindi cha majadiliano walizungumza zaidi kweli. Lakini walikuwa na uvumilivu mdogo zaidi, walikumbuka zaidi malalamiko yao, na walikuwa wazito zaidi kuwasaidia watu wa jamii wasiyoipenda.

Kila mtangazaji aliyewahi kufungua laini za simu saa mbili za usiku anaelewa jinsi jambo hilo linavyotokea. Wa kwanza anapiga kuomba utulivu. Wa pili anauliza nani alianza. Kufika wa tano, mtangazaji anatafuta kitufe cha muziki. Kusema peke yake hakuleti amani. Inategemea unasema nini, unasema na nani, na kama baada ya kusema kuna kitu mnachokifanya pamoja. Vijana wa bidoni, bila kusoma utafiti wowote, walikuwa na huo upande wa pili: walikuwa na kazi ya kufanya pamoja.

Mwaka 2021 watoto waliwafundisha wakubwa. Mjini Beni, ambapo watu walikuwa wakiuawa kwa mapanga tangu mwaka 2014, wanafunzi walitoka madarasani mwezi wa nne wakaenda kukaa katika uwanja wa ofisi ya meya. Walidai rais Tshisekedi aje aone. Walikaa mchana, walilala pale pale usiku, siku baada ya siku, sare za shule mwilini, mpaka polisi walipowatoa. Mtoto ambaye anaacha shule ili kudai usalama wa kwenda shule anatoa hoja ambayo hakuna wakili anayeweza kuiboresha. Mwanzoni mwa mwezi wa tano hali ya dharura ikaanza Kivu ya Kaskazini na Ituri. Magavana wakawa wanajeshi, na maandamano yakawa hatari zaidi kuliko kabla. Mwezi wa kwanza mwaka 2022, mwanaharakati wa LUCHA, Mumbere Ushindi, mwenye miaka 22, alipigwa risasi Beni katika maandamano dhidi ya hali hiyo hiyo ya dharura.

Papa Francis alipaswa kuja Goma mwezi wa saba mwaka 2022. Safari iliahirishwa, na alipokuja mwaka 2023 alifika Kinshasa tu. Basi watu wa mashariki wakaenda kwake. Tarehe 1 mwezi wa pili, katika nyumba ya balozi wa Vatikani, walionusurika kutoka Butembo, Beni, Bunia, Bukavu na Goma walieleza yaliyowapata. Wakaweka chini ya msalaba vitu walivyokuja navyo, kati yavyo panga na kisu, vya aina ile ile iliyotumika kuua wazazi wao na ndugu zao. Mama wa kijijini ambaye hajawahi kushika kipaza sauti alisikika dunia nzima siku hiyo, na chuma baridi ndicho kilichosema zaidi.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 7 mwezi wa pili 2024, ilikuwa zamu ya wachezaji. Kabla ya nusu fainali ya Kombe la Afrika mjini Abidjan, wakati wimbo wa taifa unaimbwa, Leopards walifunika midomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wakaweka vidole viwili pembeni mwa kichwa kama bastola. Walifungwa 1-0 na Côte d'Ivoire, lakini ishara ile haikuhitaji mkalimani. Siku hizo Sake ilikuwa inapigwa mabomu, na barabara ya Sake hadi Keshero ilikuwa imejaa watu wenye magodoro kichwani. Picha za watu wa kila umri waliofunika midomo vile vile zilizunguka kwenye simu kwa majuma mengi. Miaka ishirini na minne baada ya Bukavu, kimya kilikuwa kimerudi, safari hii mbele ya kamera.

Yaliyofuata yako karibu mno kuitwa historia. Tarehe 3 mwezi wa tano 2024 mabomu yalianguka kwenye kambi za Lac Vert na Mugunga na kuua wahami, wengi wao wanawake na watoto. Tarehe 27 mwezi wa kwanza 2025 M23 iliingia Goma. Tarehe 13 mwezi wa pili mwanamuziki Delcat Idengo, ambaye nyimbo zake hazikumbembeleza mtu, aliuawa kwa risasi mjini. Katika mwezi huo huo kambi zilizozunguka mji zilivunjwa, na familia zikaondoka na miti na turubai zao, wengine kuelekea vijiji vilivyoungua, wengine kuingia nyumba za ndugu hapa Keshero, watu kumi na wawili katika vyumba viwili.

Karatasi zimeanza tena kutiwa sahihi. Tarehe 27 mwezi wa sita 2025 ilikuwa Washington, kati ya Kongo na Rwanda. Tarehe 19 mwezi wa saba ilikuwa Doha, kati ya serikali na M23. Mwaka 2008 mama wa soko la Virunga aliyetaka kujua mkutano umefikia wapi aliweza kwenda kwa miguu na kuwauliza wajumbe wakitoka. Mwaka 2025 uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa tangu mwezi wa kwanza, na habari za Doha zilifika kwa redio na kwa simu, kwa mwenye umeme wa kuchaji.

Siku zile za mwisho wa mwezi wa kwanza, umeme ulipokatika na mabomba yote yakakauka, watu wa Keshero walisubiri milio ya risasi ipungue kidogo, wakachukua bidoni, wakashuka ziwani. Walikwenda kwa vikundi, wenyeji na wahami pamoja, kwa sababu peke yako ilikuwa hatari. Waliokuwa na kloro waliwagawia wasiokuwa nayo.